Ulimi wa Mpishi wa Sabuni

Kasongo, tarehe 9 Juni 2025

Kwako Baba Ismaël Kalonda, Kabambare

Salaam aleikum, Baba.

Sisi hapa Kasongo tu wazima, na tunamwomba Mungu barua hii ikukute vivyo hivyo. Ningekupigia simu, lakini Ayoubu, dereva wa pikipiki anayekuletea bahasha hii, ameniambia kwamba kwenu mtandao unapatikana juu ya kilima tu, na mtu akipigiwa pale, kilima kizima kinajua habari zake kabla yeye mwenyewe hajazielewa. Nimeona heri nikuandikie.

Kuna neno jema. Serikali imeanza mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wa viwanda ambao kazi yao iliuawa na bidhaa za nchi za nje. Madame Estelle wa biro ya serikali huko Kindu alikaa hapa siku tatu akitusikiliza. Kila mmoja wetu atafundishwa kazi mpya kwa miezi sita, kisha apewe vyombo vya kazi hiyo. Waliopita miaka sitini na mitano, kama wewe, watapata posho ya mwaka mzima badala ya mafunzo. Baba, tangu kiwanda chetu cha sabuni kifungwe mwezi wa kumi na moja mwaka jana, ni mara ya kwanza nawaona watu wetu wakitembea wameinua vichwa.

Imebaki sahihi moja. Fomu inatiwa sahihi na watu watatu: mwakilishi wa wafanyakazi, mtunza ghala, na mkuu wa upishi. Yassine ametia kama mwakilishi. Mzee wa ghala ametia. Mkuu wa upishi ni wewe, uliyepika Sabuni Mchikichi miaka ishirini na sita. Maneno ya kuthibitisha ni haya tu: «Kiwanda kilifungwa kwa sababu ya sabuni za kigeni zilizoingia sokoni, wala si kwa kosa la wafanyakazi.» Bila mkono wako dosiye ya maombi ya watu arobaini na mmoja haitoki Kasongo, na siku ya mwisho ni tarehe 31 Julai.

Tia sahihi, umpe Ayoubu, naye atairudisha. Sisi wanawake saba wa chumba cha kukata tunakusalimu, na Rehema anasema usisahau kutia na tarehe.

Mimi Hidaya binti Asani

*

Kabambare, tarehe 20 Juni 2025

Mama Hidaya mheshimiwa,

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu. Pili naomba radhi kwa kumweka Ayoubu hapa siku mbili zaidi ya alivyokusudia, nikiandika na kupasua. Tatu, na hili ndilo linalonilemea, naomba radhi kwa jambo ninalolazimika kukujibu.

Habari yako nimeipokea kwa furaha kwa ajili yenu nyote. Nimemshukuru Mungu aliyewafungulia mlango. Hata hivyo, fomu uliyoniletea nimeisoma mara nyingi, mchana na jioni, na kila nikifika kwenye sentensi ile ya kuthibitisha kalamu inasimama. Siwezi kuitia mkono. Nairudisha ikiwa safi kama ulivyoituma, isipokuwa doa dogo la chai pembeni, ambalo pia naliombea msamaha.

Usiniulize sababu, nakusihi. Nawe, ambaye kwa miaka yote hiyo hukuwahi kunijibu vibaya, usidhani kwamba nimepungukiwa na upendo kwenu. Mwulizeni Madame Estelle kama mtu mwingine wa chumba cha upishi anaweza kutia mahali pangu. Posho ya wazee siiombi. Jina langu lifutwe bila kelele.

Shamba langu la mpunga limekwisha kuvunwa, na afya yangu ni ya kiasi cha umri wangu.

Wako katika heshima,

Ismaël Kalonda

*

Kasongo, tarehe 30 Juni 2025

Baba Ismaël,

Salaam aleikum. Nilimpigia Madame Estelle. Amesema mkuu wa upishi ni mmoja na jina lake limeandikwa. Ama yeye, ama hakuna.

Barua yako niliificha siku mbili. Siku ya tatu Yassine alikuja nyumbani na wenzake akataka kuiona fomu, nikamwonyesha. Naandika alivyosema ili ujue moto unavyowaka huku. Alisema: «Muzee iko na maneno ndani. Mutu hakatae hivi hivi, lazima kuna mutu amemulipa akatae.» Wengine wakadakia kwamba Bwana Abdoul, mwenye kiwanda, amekununulia shamba huko Lusangi ili usiseme lolote juu ya kiwanda chake. Niliwajibu kwamba mtu aliyemwomba paka radhi kwa kumkanyaga mkia hanunuliwi kwa shamba. Walicheka, lakini kicheko chao hakikuwa kizuri.

Mimi nina wazo langu, na naona haya kulitaja. Ulipompeleka marehemu mkeo, mama Régina, kumzika Kabambare, desturi ilitutaka sisi wanawake wa kiwanda tuje kukaa kwenye kilio walau siku tatu. Alikuja Yassine peke yake, na sukari kilo mbili. Mvua ilikuwa imekata njia, daraja lilikuwa limeondoka, na hakuna pikipiki iliyokubali kubeba wanawake. Lakini tungeweza kuja baadaye, jua lilipowaka, na hatukuja. Kama ni hilo, Baba, una haki ya kutununia. Tupige faini, tutaleta mchele na mbuzi na kulia upya. Usiwaadhibu watoto wetu kwa miguu yetu mizito.

Rehema amejiandikisha kwa ushonaji. Amechora magauni juu ya karatasi za mfuko wa simenti na kuyabandika ukutani, na watu wanaanza kumwita fundi kabla hajashika sindano. Hilo ndilo ninaloliona kila nikipita mlangoni kwake. Nakuomba sababu. Nikiijua nitanyamaza, hata kama dosiye itakufa.

Fomu iko tena ndani ya bahasha. Doa la chai limekauka.

Hidaya

*

Kabambare, tarehe 8 Julai 2025

Mama Hidaya,

Barua yako imenitia aibu, kwa maana umejitwisha kosa ambalo si lenu. Juu ya kilio cha marehemu sikuwahi kuwa na kinyongo. Nililiona daraja lile kwa macho yangu. Sasa haifai ninyamaze, ikiwa ukimya wangu unawafanya wasio na hatia waombe msamaha. Nisikilize, unihukumu utakavyoona ni haki.

Wajua kazi yangu, ila niieleze ili pasibaki giza. Mawese na soda kali vikipikwa pamoja, soda ikibaki mbichi, sabuni inachubua ngozi. Hatukuwa na karatasi za kupimia. Tulikuwa na ulimi. Mpishi huchukua chembe kwenye ncha ya mwiko, huiacha ipoe, huigusa kwa ulimi. Ikimchoma kama nyaya za betri, moto uendelee. Ikilala, imeiva, ndipo imwagwe katika fremu igande.

Wapishi tulikuwa watano, wanne Waislamu na mimi Mkristo. Kila Ramadhani wenzangu walifunga, na kuonja kukawa kazi yangu peke yangu. Tuliliona ni jambo jema: wao kwa Mungu wao, nami nawatumikia kwa ulimi wangu.

Mwaka jana, Régina alipolazwa na ugonjwa wa ini, daktari aliniambia maneno machache, na nilielewa zaidi ya aliyosema. Niliweka nadhiri. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, toka alfajiri mpaka jua kuzama, kitu chochote kisiguse ulimi wangu, ili apone. Sikumwambia mtu. Mapadri walitufundisha shuleni kwamba mfungo unaotangazwa umekwisha kulipwa na macho ya watu. Majuma ya kwanza sikupata taabu. Nilimwomba Yassine, mmoja wa wale wanne, aonje kwa kisingizio cha kumfundisha. Kisha Ramadhani ikaingia ndani ya Kwaresima. Asubuhi ya kwanza Yassine alinipa mwiko akacheka: «Baba, sasa ulimi ni wako.»

Ningesema, mambo yangekwisha. Sikusema. Niliinua mwiko mpaka kwenye midomo iliyofungwa, nikajifuta kwa leso, nikasema imeiva. Nilifanya hivyo siku kumi na tisa. Niliitazama rangi, nikanusa mvuke, nikajidanganya kwamba miaka ishirini na mitano imenipa macho yanayotosha. Haya ni majivuno, na ni uongo, na niliyatenda nikidhani nasali.

Régina alifariki Ijumaa ya pili baada ya Pasaka. Niliporudi kazini kutoka kwenye mazishi, oda zilikuwa zimepungua. Mwezi wa tano mfanyabiashara wa Nyangwe alirudisha katoni nzima, akisema mbele yangu kwamba sabuni yetu imemchuna mkewe mikono. Sikuthubutu kuionja. Mwezi wa kumi na moja kiwanda kikafungwa. Wote walisema ni sabuni za kigeni, zile za karatasi inayong'aa. Mimi nilijua kwamba watu hawaiachi sabuni ya kwao mpaka iwaume.

Fomu inanitaka niseme si kosa la wafanyakazi. Mama Hidaya, mfanyakazi aliyekosa ni mimi. Nikitia sahihi nitakuwa nimesema uongo mara ya ishirini, na safari hii kwa kalamu. Nisipotia, nawanyima chakula watu arobaini ambao tayari niliwapotezea kazi. Nimekaa kati ya maovu mawili na sioni njia ya tatu. Kama wewe unaiona, nionyeshe. Waweza kumsomea Yassine barua hii. Ana haki ya kunikasirikia kwa jambo la kweli.

Mwenye kosa,

Ismaël Kalonda

*

Kasongo, tarehe 15 Julai 2025

Baba yangu Ismaël,

Barua yako sikumsomea Yassine wala mwanaume yeyote, na ukifika mwisho wa hii utajua kwa nini. Nitaandika jambo ambalo mwanamke wa Kasongo hamwandikii mwanaume asiye wake. Lisome ukiwa peke yako, kisha ulichome.

Mtu aliyeonja sabuni hutema mate. Miaka yote ile, kila asubuhi saa mbili, sisi chumba cha pili tulikusikia ukitema, ndipo tukajua fremu zinakuja. Ramadhani ile, siku mbili hatukusikia. Siku ya tatu nilipita karibu na tangi kuchukua maji, nikakuona: mwiko juu, midomo imefungwa, leso. Nilirudi nikawaambia wenzangu, Baba Ismaël amefunga kwa ajili ya mkewe. Tulijua Régina yuko hospitali. Tulikuwa tukimpelekea uji zamu kwa zamu. Nani angekuja kukwambia fungua?

Lakini sabuni ilihitaji ulimi. Sasa sikiliza. Ramadhani ni siku ishirini na tisa au thelathini, na mwanamke hafungi zote. Kila mwezi ana siku zake ambazo dini yenyewe inamkataza kufunga, naye atazilipa baadaye. Siku hizo anakula, ila anakula amejificha, maana wanaume wakimwona watajua yaliyo yake. Sisi tulikula nyuma ya katoni, ndani ya ghala dogo. Tulikuwa saba. Katika saba hakukosekana hata siku moja mmoja asiyefunga, na Rehema alikuwa na mimba ya miezi minane, hakufunga kabisa. Huyo wa siku ndiye aliyeonja, fremu kwa fremu, kabla waya ya kukatia haijapita. Rehema alionja siku nyingi kuliko wote. Mtoto wake akizaliwa tulisema atalia povu.

Fremu tatu ziliuma. Ya siku ya saba iliuma vibaya. Tuliziponda usiku haujaingia, tukazichanganya na masalio ya kukata, nawe asubuhi ukayarudisha tangini kama kila siku. Hukumbuki ulivyokuja mlangoni kwetu, umevaa aproni, ukasema kwa upole wako kwamba masalio yamezidi, na kwamba unaelewa njaa inatetemesha mikono, lakini tujitahidi kunyoosha waya? Tulisema ndiyo Baba, samahani Baba. Ulipogeuka, Subira alijiziba mdomo kwa kanga mpaka akakohoa.

Kwa nini hatukukwambia? Tungekwambia tumeonja, ungeuliza nani ameonja mchana wa Ramadhani, na jibu lake halisemwi. Nawe ungejua tumeiona nadhiri yako. Tuliona heri kila mtu abaki na siri yake, na sabuni itoke nzuri.

Yule wa Nyangwe nilimjua vizuri. Duka lake lilikuwa limejaa sabuni ya kigeni tangu mwaka uliotangulia, na katoni zetu zilimlalia. Mke wake hakufua kwa Mchikichi hata siku moja. Ile katoni aliyoirudisha niliifungua mwenyewe jioni, nikaramba kipande baada ya futari, maana nilikuwa nikizilipa siku zangu. Kililala kama maziwa. Nilifikiri nawe umekionja, sikudhani unakiogopa.

Siwezi kukudanganya: siku mbili za kwanza sizijui. Sabuni ya siku hizo ilikuwa imekwisha kutoka kwa lori kabla sijakuona. Huenda iliuma, huenda haikuuma. Hizo ndizo zako, Baba. Zile kumi na saba zirudishe, ni zetu.

Fomu iko humu kwa mara ya tatu. Zimebaki siku kumi na sita.

Hidaya binti Asani

*

Kabambare, tarehe 21 Julai 2025

Kwa Madame Estelle, Msimamizi wa dosiye za wafanyakazi, Kindu

Madame mheshimiwa,

Naambatanisha fomu ya wafanyakazi wa kiwanda cha Sabuni Mchikichi, Kasongo, ikiwa na sahihi yangu na tarehe. Naomba radhi kwa kuichelewesha, na kwa doa la chai.

Dhamiri yangu hainiruhusu kuifunga bahasha bila kuongeza maneno machache. Mwezi wa tatu mwaka 2024, kwa siku mbili, sabuni ilitoka kiwandani bila kuonjwa na mtu, na kosa hilo ni langu peke yangu. Siku kumi na saba zilizofuata pia mimi sikuonja, ila ilionjwa na watu wengine, ambao adabu hainiruhusu kuwataja, na iliyokuwa mbaya ilirudishwa motoni. Sikuyajua haya nilipoulizwa mara ya kwanza.

Ikiwa siku hizo mbili zinaivunja sentensi ya kuthibitisha, nakusihi ulitoe jina langu na kuyaacha mengine arobaini. Ikiwa haziivunji, basi sahihi yangu ni ya kweli, nami naisimamia.

Nabaki katika utii,

Ismaël Kalonda, aliyekuwa mkuu wa upishi

*

Kindu, tarehe 12 Agosti 2025

Kwa Bwana Ismaël Kalonda, Kabambare

Bwana,

Nathibitisha kupokea fomu yako tarehe 29 Julai, ndani ya muda.

Barua yako nimeisoma mbele ya komisiyo inayokagua dosiye, kama ilivyostahili kusomwa. Tumelinganisha na daftari la ghala. Katoni zinazotoka kiwandani zilianza kupungua mwezi wa sita mwaka 2022, sabuni ya kigeni ilipoanza kupita ziwani kwa bei ambayo mawese peke yake hayanunuliki. Kufikia mwezi wa pili mwaka 2024, kabla ya siku unazozitaja, kiwanda kilikuwa kimepoteza wateja saba katika kumi. Katika mwezi wenyewe na ule uliofuata, katoni ziliendelea kupungua kwa kiasi kile kile cha miezi iliyotangulia. Siku zako mbili, Bwana, hatukuziona popote.

Fomu haiulizi ni nani aliyewahi kukosa katika maisha yake ya kazi. Ingeuliza hivyo, hakuna kiwanda kingesaidiwa. Inauliza ni nini kilichofunga mlango. Jibu lenu limekubaliwa kwa watu wote arobaini na mmoja, na jina lako limo. Mafunzo yataanza Kasongo tarehe 15 Septemba. Posho ya wazee itatolewa siku hiyo hiyo, mwenyewe akiwapo.

Kuhusu wale ambao adabu haikukuruhusu kuwataja: komisiyo ina wanaume watatu ambao wamejiuliza sana. Mimi sikuhitaji majina.

Pokea salamu zangu za heshima,

Estelle, kwa niaba ya komisiyo

*

Kabambare, tarehe 20 Agosti 2025

Mama Hidaya,

Ayoubu alinikuta nikianika mpunga, akanipa bahasha yenye muhuri, akasimama pembeni akisubiri nizimie au nicheke. Sikufanya lolote katika hayo. Niliketi chini juu ya turubai, kati ya mpunga, na nikabaki pale hadi kuku walipoanza kunizunguka kana kwamba mimi ni kitu kilichomwagika. Baadaye nilipanda kilima na kumpigia Yassine, na kwa mara ya kwanza sikujali ni nani anasikia. Nilimwambia tumekubaliwa. Akaniuliza kama kweli sikupewa shamba Lusangi. Nilimjibu sikupewa. Alisema: «Basi nisamehe, Baba, nilishaanza kulionea wivu.» Sababu ya kuchelewa kwangu sikumwambia, wala hakuuliza.

Nataka nikwambie yaliyo moyoni, kwa ufupi, kwa kuwa nimekuchosha vya kutosha. Tangu Régina aondoke nilikuwa siwezi kumwombea. Kila nikianza, nadhiri ile ilinijia kama mtu aliyekosa kazi kwa ajili yangu. Niliamini nilimwomba Mungu ampe mke wangu uzima, naye akanionyesha bei ya ombi langu kwa watu arobaini, na uzima wenyewe asiutoe. Sasa naona kwamba nilikuwa nimefunga mimi mmoja, na nyuma ya ukuta kulikuwa na wanawake saba wakinibebea mfungo wangu, na kuomba radhi juu yake. Jumapili iliyopita nilimwombea Régina kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nililala usingizi mpaka jua lilipopita dirishani, jambo ambalo kwa umri wangu ni aibu kulikiri.

Siku mbili nimezikubali. Si nyingi kwa maisha ya mtu.

Nitafika Kasongo tarehe 14 Septemba, Mungu akipenda. Ninalo ombi moja, na unisamehe kama ni zito. Ningependa kumpitia kila mmoja wa wale saba mlangoni kwake na kumshukuru. Barua yako nimeichoma kama ulivyoagiza. Sitataka yeyote zaidi yako ajue kwamba najua. Itawatia haya, nami zaidi. Nitasema tu kwamba nimekuja kuwashukuru kwa ukataji wao mzuri wa miaka yote, na kwamba yale niliyoyasema mlangoni kuhusu masalio niliyasema bila ufahamu. Je, inatosha? Au watashuku? Niongoze, kwa kuwa katika mambo haya ninyi ni wapishi na mimi ni mwanafunzi.

Wako katika heshima na shukrani,

Ismaël Kalonda

*

Kasongo, tarehe 27 Agosti 2025

Baba Ismaël,

Salaam aleikum. Usipite mlango kwa mlango, utachoka. Tutakusanyika kwangu baada ya sala ya adhuhuri, na mchele utakuwepo.

Juu ya ombi lako: Baba, siri ile ilikuwa ya wanawake saba. Ningeitoaje bila ruhusa ya sita? Niliwaita kabla sijashika kalamu, na barua ile tuliitunga pamoja; maneno ya Subira na kanga aliyaongeza yeye mwenyewe. Kwa hiyo wanajua kwamba unajua, tangu mwezi wa saba.

Lakini nimewasomea unavyotaka kufanya, na limewapendeza sana. Wamekubaliana. Utatushukuru kwa ukataji mzuri, nasi tutainamisha vichwa na kusema, ahsante Baba, ni kazi tu. Hakuna atakayejua lolote.

Rehema tu ndiye nisiyeweza kumdhamini, maana hajui kuzuia kicheko. Nitamketisha nyuma.

Hidaya binti Asani